Mtoto ana selimundu? Jinsi ya kumpeleka kupimwa mishipa ya kichwani kwa TCD na kuyaelewa majibu

Hii naandika kwa wazazi na walezi wa watoto wenye selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyosema. Najua wengi wenu mko vizuri sana kwenye mambo ya folik, penisilini, maji mengi, neti, sweta asubuhi kukiwa na baridi, ila ukimuuliza mtu "mtoto ashapimwa TCD?" anakuangalia tu. Mimi kazi yangu ni ultrasaundi, na kinachoniuma ni kwamba watoto wengi wanaletwa kwenye hiki kipimo baada ya kiharusi kushatokea, mkono umeshalegea, mdomo umeshapinda, na mama anasema "lakini jana alikuwa mzima, alicheza mpira mpaka magharibi." Ni kweli alikuwa mzima. Mishipa ya kichwani inaweza kuwa inaharibika miezi na miaka huku mtoto anakula, anaenda shule na hana maumivu yoyote, na huwezi kuona kwa macho wala daktari hawezi kujua kwa kumshika paji la uso.

Marekani, kabla hawajaanza kutumia kipimo hiki, karibu mtoto 1 kati ya 10 wenye SS (yaani waliorithi S kutoka kwa baba na kwa mama) alikuwa anapata kiharusi kabla ya kufika miaka 20, na wengi walikuwa wadogo, umri wa chekechea na madarasa ya mwanzo. Sasa fikiria Tanzania ambako watoto takribani 11,000 wanazaliwa na selimundu kila mwaka, ni mamia na mamia ya watoto.

Kipimo chenyewe ni nini

TCD ni ultrasaundi, ileile familia ya ile ya wajawazito, isipokuwa hii inapita kwenye mfupa wa kichwa na haitafuti picha ya kitu, inatafuta kasi ya damu ndani ya mishipa. Hamna sindano, hamna mionzi, hamna dawa ya kuchoma wala kulazwa. Mfupa wa kichwa ni mgumu kwa ultrasaundi kupenya ila kuna sehemu ni mwembamba, pale juu ya mfupa wa shavu mbele kidogo ya sikio, na hapo ndipo sauti inapita ikaenda kugonga damu inayotembea na kurudi. Damu ikiwa inakuja kuelekea kwenye kidude cha kupimia sauti inarudi imepanda, ikiwa inaondoka inarudi imeshuka, na mashine inapiga hesabu ya kasi kutokana na hiyo tofauti. Hilo jambo la sauti kupanda na kushuka lilielezwa na Christian Doppler huko Prague mwaka 1842, lakini kupima mishipa ya ndani ya fuvu kwa njia hii kulianza mwaka 1982 na Rune Aaslid na wenzake. Kabla ya hapo ukitaka kujua habari za mshipa wa kwenye ubongo ilibidi uingize mrija na dawa kwenye mshipa na kupiga eksirei, kitu ambacho huwezi kumfanyia mtoto wa miaka mitatu kila mwaka.

Kwanini kasi ndiyo inapimwa? Ukibana mpira wa kumwagilia bustani kwa kidole maji yanaruka kwa kasi, na mshipa uliosinyaa unafanya hivyohivyo. Kwenye selimundu kuta za mishipa mikubwa ya mbele ya ubongo zinaumia taratibu na njia inakuwa nyembamba, halafu na upungufu wa damu wenyewe unaulazimisha moyo kusukuma damu kwa haraka zaidi ili ubongo upate oksijeni ya kutosha, kwahiyo vitu viwili vinapandisha namba kwa pamoja. Robert Adams na wenzake huko Georgia, Marekani, ndio walioonyesha mwaka 1992 kwamba watoto wenye namba za juu ndio wanaokuja kupata kiharusi baadaye.

Nani apimwe, aanze lini

Mtoto mwenye SS, au ile aina ya S na beta thalasemia sifuri, apimwe kuanzia miaka 2 hadi 16, kila mwaka mara moja, hata kama hajawahi kulazwa hata siku moja. Narudia hapa kwa sababu ndipo watu wengi wanapoachia: hiki kipimo ni cha mtoto MZIMA. Kwa SC (S kutoka kwa mzazi mmoja na C kwa mwingine) hatari ni ndogo zaidi na daktari ataamua kama kuna haja. Kama hujui mtoto wako ni aina gani angalia kadi yake ya kliniki, na kama imeandikwa tu "sickling positive" basi bado hujajua, maana hata mtu mwenye AS, aliyerithi S moja tu, ambaye sio mgonjwa kipimo hicho kinaweza kusoma hivyo, omba kipimo cha aina ya hemoglobini kwanza.

Chini ya miaka 2 kwa kawaida hatupimi, mtoto hatulii na namba zenyewe hazina viwango vya kulinganisha. Na mtoto ambaye ameshapata kiharusi huyo hahitaji TCD ili aanze matibabu, huyo tayari yuko kwenye kundi la hatari kubwa na matibabu ya kuzuia cha pili yanaanza moja kwa moja, usikubali kuambiwa asubiri tarehe ya kipimo.

Kabla ya kwenda, chagua siku nzuri

Hapa ndipo vipimo vingi vinapoharibika na kosa sio la mashine. Namba ya TCD inapanda na kushuka kutokana na hali ya mtoto siku hiyo, kwahiyo tunataka kumpima akiwa kwenye hali yake ya kila siku.

Akiwa na homa, malaria, nimonia au yuko kwenye maumivu makali yale tunayoita kraisisi, usimlete, namba itapanda bure na utaenda nyumbani na hofu ambayo haipo. Subiri apone kabisa, kama wiki mbili hadi nne hivi. Akiwa ameongezewa damu karibuni ndiyo hatari zaidi kwa maoni yangu, maana hapo namba INASHUKA, unaambiwa mtoto yuko vizuri, kumbe ni ile damu ya watu ndiyo imetuliza mwendo kwa muda. Sema kabisa ukifika, "aliongezewa damu tarehe fulani", hata kama hakuna aliyekuuliza. Mtoto ambaye yupo kwenye mpango wa kuongezewa damu kila mwezi huyo ni habari nyingine, anapimwa kwa utaratibu wa kliniki yake.

Ale. Huna haja ya kumfungisha, na mtoto mwenye njaa sukari ikishuka mwendo wa damu kichwani unabadilika, pia atalia tu. Anywe chai yake, anywe maji, dawa zake za asubuhi ameze kama kawaida. Haidroksiyurea, ile dawa ya selimundu ya kumeza, kama anaitumia usiisimamishe eti kwa sababu anaenda kupimwa, tunataka kuona ikiwa ndani inafanya nini.

Nywele: rasta na mabutu sio tatizo kubwa, ila shanga na vibanio vya pale pembeni ya uso karibu na sikio vitoe nyumbani, na usimpake mafuta mengi pale. Kama ana kipini kikubwa cha hereni toa.

Alafu beba hivi vitu: kadi ya kliniki au daftari lake, majibu ya FBP (kipimo cha damu cha kuhesabu chembe zake) ya karibuni kama yapo maana wingi wa damu tunauhitaji tukisoma namba, majibu ya TCD ya mwaka jana kama alipimwa, na dawa zote anazotumia au hata picha ya maboksi kwenye simu. Pia panga usingizi wake. Mtoto wa miaka mitatu anayelala saa saba mchana kila siku usichukue miadi ya saa saba, chukua ya asubuhi, na sababu yake naieleza hapo chini.

Kuhusu hela, bei zinatofautiana kabisa kati ya hospitali na hospitali, na bima nyingine zinalipa ukiwa na rufaa iliyoandikwa vizuri na nyingine hazilipi. Piga simu kabla, uliza mambo mawili tu, kama wana mtu anayepima TCD kwa watoto wa selimundu na ni siku gani anakuwepo, na kama bima yako inakubalika kwa kipimo hicho. Swali la kwanza ni la muhimu kuliko unavyodhani. Hospitali inaweza kuwa na mashine kali ya ultrasaundi lakini aliyepo anapima wajawazito na figo, na TCD inataka mtu aliyefundishwa kufuata mshipa kidogokidogo, milimita mbili mbili, akitafuta pale mwendo ulipo juu kuliko kote. Akipita haraka ataikosa ile sehemu na utapewa namba ndogo kuliko ukweli.

Ndani ya chumba

Mtoto analala chali, wewe unakaa kichwani au pembeni umshike mkono. Tunaweka jeli, ni ya baridi kidogo ndiyo wanapostuka, mimi huwa naipaka kwanza kwenye kidole cha mtoto mwenyewe aishike ajue haiumi. Halafu kidude kinawekwa pale mbele ya sikio, kinabonyezwa kidogo, kinasogezwa polepole. Utasikia sauti, fshuu fshuu fshuu, hiyo ni damu yake, na watoto wengi wakiambiwa hivyo wanatulia wanasikiliza. Kwenye skrini kunakuwa na vilima vilima vinavyopita, ncha ya juu ni moyo ukisukuma, bonde ni moyo ukipumzika. Upande wa kulia unaisha tunageukia kushoto, saa nyingine na nyuma ya shingo. Nusu saa hadi dakika 45 hivi kwa mtoto mtulivu.

Sasa sheria mbili. Asilale, na asilie. Mtoto akisinzia anapumua taratibu, hewa chafu inaongezeka kwenye damu, mishipa ya ubongo inatanuka na mwendo unapanda, kwahiyo utaniona namwambia "haya mwanangu, macho wazi, niambie shuleni mwalimu wako anaitwa nani" na sio kwamba namsumbua. Akilia kwa nguvu anapumua harakaharaka na namba zinavurugika pia, tunasimama, anabebwa, anapewa maji, tunaanza tena. Katuni kwenye simu sauti ikiwa chini inasaidia sana, wekeni chaji. Na dawa ya usingizi haitumiki kwenye hiki kipimo, mtu akitaka kumlaza mtoto kwa dawa ili ampime TCD muulize kwa heshima kama majibu yatakuwa ya kuaminika, kwa sababu hayatakuwa.

Baba na mama, nyie pia tulieni. Usimwambie mtoto "ukilia daktari atakuchoma sindano," tafadhali sana, mtoto aliyeingia akijua anachomwa simpimi siku hiyo.

Kuyasoma majibu

Usitoke na karatasi iliyoandikwa "normal" tu. Omba namba. Ni haki yako na utaihitaji mwakani.

Namba inayotakiwa ni wastani wa mwendo wa juu kwa muda, kwenye karatasi unaandikwa TAMM au TAMV au kwenye mashine nyingine TAMAX, kwa sentimita kwa sekunde. Kuna namba nyingine kubwa zaidi karibu yake iitwayo PSV, hiyo ni ncha ya kilima, siyo yenyewe. Nimeona mzazi amelia ukumbini kwa sababu aliona 210 kwenye karatasi kumbe ni PSV na wastani wake ulikuwa 138, na mbaya zaidi ni kinyume chake, anayesoma anachanganya na mtoto wa hatari anarudishwa nyumbani. Mishipa inaandikwa kwa vifupi, MCA ndiyo mkubwa wa pembeni, ICA ndiyo unaopanda kutoka shingoni, ACA wa mbele, PCA wa nyuma, kila mmoja kulia na kushoto. Maamuzi yanafanywa kwa namba ya juu kabisa iliyopatikana kwenye MCA au ile ncha ya juu ya ICA, upande wowote.

Chini ya 170 ni kawaida. Rudi baada ya mwaka.

Kuanzia 170 hadi 199 ni katikati, wanaandika "conditional". Sio kiharusi na sio pa kupuuzia. Kipimo kinarudiwa ndani ya miezi mitatu hadi sita, mtoto mdogo mapema zaidi kwa sababu wadogo ndio wanaopanda haraka, na hapa daktari anatakiwa azungumze nawe habari ya haidroksiyurea kama bado hajaanza.

200 na kuendelea ni hatari. Kati ya watoto 100 wenye namba hiyo kama 10 hivi wanapata kiharusi ndani ya mwaka mmoja ikiwa hakuna kilichofanyika. Kwa kawaida kipimo kinarudiwa ndani ya wiki moja au mbili kuhakikisha, ila ikiwa 220 na zaidi wataalamu wengi hawasubiri kurudia, matibabu yanaanza.

Kuna mambo madogo hapa ambayo karatasi haikwambii. Kwanza, hivyo viwango vilitoka kwenye mashine za TCD zisizo na picha. Hospitali nyingi zetu zinatumia ultrasaundi ya kawaida yenye rangi, ile nyekundu na bluu, na hiyo mara nyingi inasoma chini kidogo, ndiyo maana sehemu nyingine wanahesabu hatari kuanzia 185 hivi. Uliza "mmetumia mashine ya aina gani na kiwango chenu cha hatari ni ngapi?" na kila mwaka jitahidi apimwe mashine ileile, sehemu ileile. Pili, namba ndogo mno nayo sio furaha. MCA ikiwa chini ya 70, au upande mmoja 140 na mwingine 60, inawezekana mshipa umesinyaa mpaka damu haipiti vizuri, na hiyo inatakiwa ichunguzwe zaidi. Tatu, "inadequate" maana yake hatukuona, haimaanishi yuko salama. Mifupa ya wengine ni minene, wengine hawakutulia. Rudia siku nyingine, ikiwezekana kwa mpimaji mwingine, na ikishindikana kabisa mwombe daktari habari ya MRI, ile mashine ya kupiga picha ya kichwa kwa sumaku.

Namba ikiwa juu, nini kinafuata

Jaribio lililobadilisha kila kitu lilikuwa STOP, Marekani, lilianza 1995. Watoto 130 wote wenye namba za 200 kwenda juu, 63 wakaongezewa damu kila mwezi ili ile hemoglobini S ibaki chini ya asilimia 30, na 67 wakaendelea na matunzo ya kawaida. Kwenye kundi la pili watoto 11 walipata kiharusi, kwenye kundi la damu mtoto 1. Walisimamisha jaribio kabla ya muda mwaka 1997 kwa sababu haikuwa haki kuwaacha wengine bila damu. Baadaye walijaribu kuona kama damu inaweza kuachwa namba zikisharudi chini, majibu yalitoka 2005, kati ya 41 walioacha, 14 wakarudi kwenye hatari na wawili wakapata kiharusi, kwahiyo namba ikishuka usiache matibabu kwa akili yako.

Huku kwetu kuongezewa damu kila mwezi kwa miaka ni mtihani, wote tunajua kutafuta chupa moja tu ya damu ndugu wanavyozunguka, na damu nyingi inaleta madini ya chuma mwilini ambayo nayo yanahitaji dawa ya kuyatoa. Ndiyo maana haidroksiyurea ndiyo tegemeo letu. Mwaka 2016 jaribio la TWiTCH lilionyesha kwamba watoto waliokuwa kwenye damu kwa mwaka mmoja au zaidi, na ambao mishipa yao haikuwa imeharibika vibaya kwenye MRI, wanaweza kuhamia haidroksiyurea na mwendo wa damu ukabaki salama. Na kwa nchi ambazo damu ya kila mwezi haiwezekani, mwongozo wa mwaka 2020 wa chama cha madaktari wa damu cha Marekani unasema mtoto mwenye namba ya hatari aanzishiwe haidroksiyurea, angalau miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito au dozi ya juu anayoweza kuihimili. Nigeria walifanya jaribio lao wenyewe, likatoka 2022, kulinganisha dozi ndogo ya miligramu 10 kwa kilo na ya 20, viharusi havikutofautiana sana ila wa dozi ya 20 walilazwa mara chache zaidi. Na hapa nyumbani, Bugando Mwanza, walipima watoto zaidi ya 200, zaidi ya mmoja katika kila watano akakutwa na namba iliyopanda, wakaanzishiwa dawa hiyo na baada ya mwaka namba zikashuka. Hao ni watoto wa kanda ya ziwa, wanaoumwa malaria kama wa kwako.

Nataja malaria makusudi kwa sababu kuna maneno mtaani kwamba hii dawa "ni ya kansa, inamaliza kinga, huku kwetu haifai". Ni kweli inatumika pia kwenye kansa, kwa dozi na malengo tofauti. Jaribio la REACH lililofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, likatoka 2019, watoto wa Kiafrika 606, maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua na malaria pia ilipungua kama nusu hivi. Inachofanya ni kuamsha ile hemoglobini ya utotoni ambayo haigeuki umbo. Kinachotakiwa ni FBP mara kwa mara, mwanzoni karibu kila mwezi, baadaye kila miezi miwili mitatu, kuangalia chembe nyeupe na sahani za damu zisishuke mno. Kapsuli nyingi ni za miligramu 500 na mtoto wa kilo 15 kwa miligramu 20 anahitaji 300, kwahiyo usifungue kapsuli na kukadiria kwa kijiko nyumbani, mfamasia akupangie, wapo wanaotengeneza ya maji. Anayeigusa avae glavu au anawe mikono vizuri, hasa mama mjamzito. Ukiruka siku usimpe dozi mbili kesho yake.

Na kama daktari amesema namba iko juu halafu amekupa tarehe ya kurudi baada ya miezi sita bila dawa yoyote wala damu, mwambie kwa upole, "daktari, naomba unieleze kwanini tusianze matibabu sasa." Huo sio ukorofi, mama. Kipimo bila matibabu hakizuii chochote.

Ambacho TCD haioni

Kuna viharusi vya kimya, vidogo, havipindishi mdomo wala kulegeza mkono, ila vinakula akili, mtoto aliyekuwa anafanya vizuri darasani anaanza kusahau, anakuwa mzito, mwalimu anasema mvivu. TCD haioni hivyo na mtoto anaweza kuwa na namba nzuri kabisa huku anavyo. Hivyo vinaonekana kwa MRI. MRI haina mionzi nayo, na picha ya mishipa ya kichwani inaweza kupatikana bila kuchoma dawa yoyote, kwa kutumia mwendo wa damu yenyewe, ila mtoto lazima atulie ndani ya mashine inayogonga kelele, kwahiyo wadogo chini ya miaka mitano sita mara nyingi wanahitaji dawa ya usingizi, na kwa mwenye selimundu usingizi huo unataka maandalizi ya maji na oksijeni, sio wa kukurupuka. Kama shuleni kumebadilika ghafla bila sababu mwambie daktari wa kliniki hata kama TCD ilikuwa 120. Siti skani yenyewe ni nzuri usiku wa dharura kuona kama damu imevuja kichwani, ila sio ya kupima kila mwaka kwa sababu ya mionzi.

Na dharura yenyewe: uso kupinda, mkono au mguu kulegea ghafla, kuchechemea bila kuanguka, maneno kutoka vibaya, degedege bila homa, kichwa kuuma ghafla vibaya sana. Hata kama imepita baada ya dakika kumi, nenda hospitali kubwa hapohapo, sema neno la kwanza "ana selimundu," usimpe chakula wala maji mdomoni mpaka wamwone kama anameza vizuri. Hapo anahitaji damu haraka, sio panadol na kusubiri asubuhi.

Kama huko uliko hakuna TCD

Wengi mko mbali, najua. Muhimbili na Bugando kipimo kimefanyika miaka mingi, Kampala pale Mulago pia, na hospitali nyingine za kanda zinaendelea kupata watu waliofundishwa, kwahiyo uliza kliniki yako kila mwaka maana jibu la mwaka jana linaweza kuwa limebadilika. Unganisha safari, ukiwa unaenda kumwona ndugu likizo ya Juni au Desemba chukua rufaa kabla, piga simu, mtoto apimwe hukohuko. Vikundi vya wazazi wa selimundu mara nyingi vinajua siku za kambi za upimaji kabla ya tangazo kutoka, jiunge.

Usisubiri TCD ili kuanza haidroksiyurea kama kliniki imeshasema mtoto anaifaa. Dawa inaweza kuanza, namba itapimwa ikipatikana.

Nunua daftari dogo la jalada gumu, kila ukitoka kupima andika mwenyewe: tarehe, hospitali, aina ya mashine, MCA kulia, MCA kushoto, ICA zote mbili, damu yake ilikuwa ngapi siku hiyo, dozi ya dawa na uzito wake. Piga picha ukurasa umtumie baba yake au dada yako kwenye simu, kadi za kliniki zinalowa na zinapotea. Mtoto akihama mkoa, akienda bweni, au akifika umri wa kuhamia kliniki ya wakubwa, hilo daftari ndilo litakalomwambia daktari mpya kwamba mwaka juzi alikuwa 176, mwaka jana 158, na dozi ilipandishwa mwezi wa tatu, na hatahitaji kuanza kukuuliza upya.